Mtu ambaye hakuhesabika: kwa nini optometria ilichelewa kujulikana

Mwambie mtu wa Arusha kwamba unataka kusomea macho chuo kikuu, atakuuliza: "Yaani udaktari?" Ukijibu kwamba hapana, ni optometria, hapo maelezo yanaanza. Daktari bingwa wa macho husomea udaktari kwanza, kisha hubobea. Ndiye anayefanya upasuaji. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huandika namba ya miwani, hutambua dalili za ugonjwa na kumpa mgonjwa rufaa. Kwa nini huyu wa pili hajulikani sana? Sababu mojawapo ni namna dunia ilivyowahesabu wasioona.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mwaka 1862 Herman Snellen, daktari wa Utrecht huko Uholanzi, alichapisha ubao wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari. Ndio huo, kwa sura mbalimbali, unaouona ukutani hadi leo. Asiyejua kusoma huwekewa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Majibu huandikwa kama sehemu: 6/60 maana yake unakiona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60.

Miaka ya 1970, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitumia kipimo hicho kuweka mpaka wa upofu: chini ya 3/60 katika jicho lenye nafuu. Lakini kulikuwa na sharti. Mtu alihesabiwa kwa kiwango anachofikia akishawekewa lenzi zinazomfaa kabisa. Kwa daktari aliyetaka kujua jicho lina ugonjwa kiasi gani, sharti hilo lilikuwa na mantiki. Kwa takwimu, hebu fikiria: mkulima wa Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru, anawekewa lenzi za majaribio na kusoma ubao vizuri. Anaandikwa kwamba anaona. Kisha anazirudisha lenzi, anakwenda zake nyumbani, na sura ya jirani yake njiani haitambui. Kwenye daftari anaona, barabarani haoni.

Na kisichohesabika hakipangiwi bajeti. Nguvu nyingi zilikwenda kwenye magonjwa yanayopofusha, na kwa haki kabisa. Mkoani Arusha, wilaya za wafugaji kama Longido, Monduli na Ngorongoro zimeteseka sana na trakoma, yaani vikope, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea msaada wa dawa ya azithromaisini mwishoni mwa miaka ya 1990. Miwani ikabaki nyuma, kama vile ni jambo la duka na siyo la hospitali.

Hata hivyo, mafunzo yalikuwepo. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 mjini Moshi, yapata kilomita 80 kutoka Arusha, iwe ya rufaa kwa Kanda ya Kaskazini. Hapo ndipo shule ya optometria ilipokua, kwa muda mrefu ikiwa ya stashahada, kabla ya chuo kikuu cha hapohapo, KCMUCo, kuanzisha shahada.

Hesabu yenyewe ilibadilika mwaka 2006. Kabla ya hapo WHO ilikadiria watu milioni 161 duniani wana upofu au uoni hafifu. Safari hii ilitangaza kwamba wengine milioni 153 walikuwa hivyo kwa kukosa miwani tu. Jumla ikawa milioni 314, karibu mara mbili, ingawa hakuna jicho hata moja lililokuwa limeharibika usiku ule. Mwaka uliofuata Tanzania ikapata Sheria ya Optometria ya 2007. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine, ila majira yalikuwa yamebadilika.

Bado kuna kundi ambalo hata hizo milioni 153 hazikuligusa, kwa sababu zilihusu kuona mbali pekee. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho huwa imekakamaa kiasi kwamba kuona karibu kunakuwa shida. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta hali hiyo kwa zaidi ya nusu ya watu wa umri huo. Sasa tazama kazi za Arusha: kukata tanzanite, kutunga shanga, kushona kwa cherehani. Zote zinafanyika ndani ya urefu wa mkono. Fundi wa miaka 45 anaweza kuacha ufundi wake katika umri ambao ndio ameuiva, kumbe alihitaji miwani ya kusomea. Ripoti ya WHO ya 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana tatizo hilo bila kusaidiwa.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa WHO zilikubaliana kuongeza kwa pointi 40 za asilimia kiwango cha wanaopata huduma ya miwani inayofaa ifikapo 2030. Kigezo chao sasa kinamtazama mtu kwa miwani aliyonayo, siyo ile anayoazimwa chumbani. Kwa hiyo ukisomea optometria leo, yule mkulima wa Ngarenanyuki anahesabika kama mtu anayekusubiri wewe.