Kumtafuta Babu Dragoni wa Pasewalk

Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike neno la historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu. Nimechagua habari za babu mmoja ambaye si wa damu yangu, lakini ni wa damu ya watoto wangu. Alikuwa askari mpanda farasi wa Mfalme wa Prusia katika karne ya 18. Najua wako watakaouliza: Prusia inatuhusu nini sisi? Nawaomba wawe na subira. Jibu litakuja mahali pake.

Baadhi yenu mnakumbuka kwamba baada ya kumaliza shule nilipata nafasi ya masomo katika Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo ilikoma kuwapo mwaka 1990. Huko nilioa. Baba mkwe wangu, mstaafu wa reli, alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na mji wa Pasewalk, jimbo la Pomerania. Katika ukoo wake ilisimuliwa hadithi iliyotoka kinywa hadi kinywa: kwamba babu yao wa kale alikuwa husari wa Mfalme Friedrich wa Pili, na kwamba katika vita vya Hohenfriedberg aliteka bendera ya Waaustria kwa mkono wake mwenyewe. Ukutani palitundikwa picha ya mpanda farasi aliyevaa koti la rangi ya samawati. Mzee alitamani mno kuthibitisha habari hiyo kabla hajafunga macho, naye kazi hiyo akanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba. Jina la ukoo sitaliandika, maana wameniomba nisiliandike.

Kwanza tuiweke hadithi katika mahali pake. Prusia ilikuwa dola ya Wajerumani wa kaskazini, yenye makao makuu Berlin. Ilifutwa rasmi mwaka 1947. Friedrich wa Pili alitawala tangu 1740 hadi alipofariki mwaka 1786, na mara tu alipokalia kiti alianza kupigana na Austria kwa ajili ya jimbo la Silesia. Tarehe 4 Juni 1745, huko Hohenfriedberg, rejimenti ya Madragoni wa Bayreuth iliona pengo katika safu ya askari wa miguu wa Austria, ikaingia kwa kasi. Kwa muda mfupi watu wapatao 1,500 walivunja vikosi vingi, wakateka bendera zaidi ya 60 na wafungwa wapatao 2,500, na wao wenyewe hawakupoteza hata watu 100 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Mfalme aliipa rejimenti hiyo hati ya heshima. Hapana ajabu basi kwamba kila nyumba ya eneo lile ilipenda kuwa na babu aliyekuwapo siku hiyo.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kikubwa. Mtu akitaka habari za askari, aghalabu huanza na daftari za jeshi. Lakini usiku wa tarehe 14 Aprili 1945, vita vikiwa karibu kwisha, ndege za Uingereza ziliupiga mji wa Potsdam kwa mabomu, na hazina ya nyaraka za jeshi la Prusia ikateketea kwa sehemu kubwa. Maafisa, ambao wengi wao walikuwa makabaila, majina yao yamesalia katika vitabu vilivyopigwa chapa. Askari wa kawaida hakupigiwa chapa na mtu. Daftari lake lilipoungua, aliungua nalo.

Kizuizi cha pili kilikuwa ni neno lenyewe “husari”. Wapanda farasi wa Prusia walikuwa wa aina tatu zilizo kubwa. Makirasia walivaa bamba la chuma kifuani na kupanda farasi wazito. Madragoni hapo zamani walikuwa askari wa miguu waliopewa farasi wa kuwafikisha vitani, lakini wakati wa Friedrich walikwisha kuwa wapanda farasi kamili. Mahusari walikuwa wepesi, wakivaa kwa mtindo wa Kihungari, na kazi yao ilikuwa kupeleleza na kusumbua. Wajukuu wakisimulia, kila mpanda farasi huwa husari, kwa sababu husari ndiye mwenye madaha. Ila lile koti la samawati katika picha lilinipa shaka: tangu mwaka 1745 rangi hiyo ilikuwa ya madragoni. Na rejimenti iliyokaa Pasewalk ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya Madragoni wa Bayreuth.

Hapa ndipo utaratibu wa serikali yao ulipotusaidia. Mwaka 1733 mfalme aliyemtangulia Friedrich, yaani baba yake, aligawa nchi katika mitaa, na kila rejimenti ikapewa mtaa wake wa kuchukua vijana. Mtoto wa kiume wa mkulima aliandikwa angali mdogo, akavishwa alama nyekundu ili ijulikane kwamba yeye ni mali ya rejimenti fulani. Akifikia umri na kimo, huitwa. Akishajifunza kazi, wakati wa amani hurudishwa nyumbani kulima sehemu kubwa ya mwaka, kisha huitwa tena kwa mazoezi. Kwa hiyo askari wa Prusia hakupotea kijijini mwake. Alizaliwa hapo, akaoa hapo kwa idhini ya mkubwa wake, na mara nyingi akazikwa hapo. Jeshi lilikuwa na daftari lake, lakini na kanisa nalo lilikuwa na lake, na la kanisa halikuwa Potsdam.

Mchungaji wa kijiji alitukaribisha, akatuwekea mezani vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Siku za kwanza sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Wajerumani wa zamani waliandika kwa hati iitwayo Kurrent, ambayo herufi zake nyingi zafanana kama pacha, na jina moja huandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Nilikaa na karatasi ya alifabeti pembeni, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hatimaye tulimpata katika kitabu cha ndoa, mwaka mmoja baada ya amani ya 1763: ametajwa kuwa dragoni wa rejimenti tukufu ya Bayreuth. Husari akawa dragoni, na picha ya ukutani ikawa na haki yake.

Tulifurahi. Kisha tukafungua kitabu cha ubatizo kutafuta kuzaliwa kwake, na hesabu ikakataa. Siku ya Hohenfriedberg babu yetu alikuwa mtoto wa miaka 9. Bendera hakuiteka yeye. Bila shaka aliwasikia wakubwa wake wakiisimulia jikoni na malishoni, maana mashujaa wenyewe walikuwa majirani zake. Naye alipozeeka akawa ndiye msimulizi, na wajukuu wakamvisha hadithi kama koti.

Mtafiti mvivu angeishia hapo. Lakini vitabu vilikuwa na mengine ya kusema. Vita vya Miaka Saba vilipoanza mwaka 1756 kijana huyo alikuwa na miaka 20, umri hasa wa kuitwa. Rejimenti yake ilipigana mbali na nyumbani. Tarehe 5 Desemba 1757 ilikuwa miongoni mwa wapanda farasi waliolishambulia jeshi la Austria kwa ubavu huko Leuthen, katika Silesia. Lakini mwaka huo huo Waswidi waliingia Pomerania, na mwezi Oktoba 1760 Pasewalk penyewe palipiganiwa. Yaani wakati kijana anaitetea nchi ya mfalme huko kusini, mashamba ya kwao yalikuwa yakikanyagwa na majeshi ya kigeni. Tulipofunua kitabu cha mazishi cha miaka ile, kurasa zilikuwa zimejaa. Humo tulimkuta mama yake, na baada yake wadogo zake wawili. Aliporudi kutoka vitani alikuta makaburi matatu. Akaoa, akalima, akazaa. Na katika hao waliozaliwa ndiko walikotoka watoto wangu, kwa hesabu ya vizazi 8.

Sasa ikaja kazi ngumu kuliko kusoma Kurrent, nayo ni kumwambia mzee. Wako ndugu waliosema tumwachie bendera yake, kwani umri wake umekwenda. Mke wangu alikataa, akasema baba aliuliza swali la kweli, basi apewe jibu la kweli. Nilimsomea yote, mstari kwa mstari. Alinyamaza kitambo. Kisha hakuuliza juu ya bendera; aliuliza jina la yule mama. Nikamtajia. Akaomba Biblia ya nyumbani, ambamo majina ya ukoo huandikwa, akaliandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya majina mengine yote. Picha aliiacha ukutani, ila tangu siku ile hakusema tena “husari”.

Nimeahidi kusema jambo hili latuhusu nini. Watoto wangu wana babu upande wa pili pia. Baba wa babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani na Waingereza walipopigana katika nchi yetu. Wapagazi walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa makumi ya maelfu. Dragoni wa Pasewalk alipoteza daftari la jeshi, akabakiwa na la kanisa. Babu yangu mpagazi hana daftari hata moja linalomtaja. Anayo midomo yetu tu. Nami nimeona kwa macho yangu jinsi midomo inavyofanya kazi: huhifadhi vita na rangi ya koti, huongeza bendera, na humsahau mama.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa zamani, wazee wangali wapo. Mtu akiwauliza, asiulize ushujaa peke yake. Aulize jina la mama, jina la kijiji, mwaka wa njaa gani, mwaka wa nzige gani, na nani alizikwa wapi. Kisha aandike, na nakala ampe ndugu anayekaa mbali, ili moto mmoja usiteketeze vyote. Na kwa kuwa tunakutana, kila mmoja na aje na orodha ya majina ya darasa lake kwa kadiri anavyoyakumbuka, pamoja na wale waliotutangulia mbele ya haki. Tutayaunganisha kabla ya chakula cha jioni.

Nawatakia safari njema.