"Bwana" na "Mtumwa" Ndani ya Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jozi moja ya istilahi za ufundi wa kompyuta za mezani, na kueleza kwa nini tunaona haifai kutafsiriwa neno kwa neno. Kompyuta zenyewe zimekwisha kuwa kuukuu, lakini vitabu vyake vingali katika maktaba za vyuo, na mfasiri apewaye kitabu cha namna hiyo hukwama palepale tulipokwama sisi. Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa kuwa huko maneno hayo mawili yana historia yake.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu kwa takriban miongo miwili. Kwa hiyo kompyuta za mezani zilianza kuenea mikoani katika miaka ya 1990. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, aina tunayoizungumzia ndiyo iliyokuwa ya kawaida katika ofisi. Baadaye zikafuata zile za mtumba.

Katika mashine hizo diski iliunganishwa na ubao mkuu kwa utepe mpana wa nyaya, wenye kiunganishi cha matundu 40. Utepe mmoja uliweza kubeba diski mbili, nazo zilipokea ishara zilezile kwa wakati uleule. Ilibidi basi kila moja ijue namba yake. Kazi hiyo ilifanywa na kijipande cha plastiki chenye chuma ndani, ambacho mafundi hukiita jampa, kilichovikwa juu ya pini mbili nyuma ya diski. Fundi akizipanga diski zote mbili kwa namna moja, mashine huenda isiione hata moja. Palikuwa na mpango wa tatu pia, ambao utepe wenyewe uliamua: katika tepe za nyaya 80, ncha ya buluu huenda kwenye ubao, nyeusi ya mwisho huchukua diski ya kwanza, na ya kijivu katikati huchukua ya pili. Baada ya hapo fundi aliwasha mashine na kuitambulisha diski. Katika mashine za zamani zaidi aliandika mwenyewe hesabu ya silinda, vichwa na sekta. Na hata akiandika sawasawa, nyingi za mashine hizo hazikuweza kuona zaidi ya baiti milioni 528 hivi za diski.

Kiingereza kiliziita diski hizo mbili kwa majina ambayo maana yake halisi ni "bwana" na "mtumwa". Pingamizi letu la kwanza ni la kitaalamu. Kila diski ya aina hii ina saketi zake za kujiendesha. Ya kwanza haiiamrishi ya pili kusoma wala kuandika. Wakati wa kujipima, ya pili huipa ya kwanza ishara kwamba iko salama, na uhusiano wao hauzidi sana hapo. Sitiari hiyo basi ni ya uongo hata katika lugha ilimotoka. Wahandisi walioandika viwango vya baadaye walitumia namba tu, 0 na 1, na mwaka 2003 Wilaya ya Los Angeles, Marekani, iliwaomba wauzaji wake wa vifaa waache majina hayo.

Pingamizi la pili ni la kwetu. Mwaka 1858 Speke alisafiri kutoka Kaze, yaani Tabora ya leo, akapitia Msalala hadi kusini mwa ziwa. Nchi hizo zilijua misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Wako watakaosema kwamba "mtumwa" asili yake ni kitenzi "tuma", sawa na "mtume", na kwa hiyo neno halina ubaya. Hoja hiyo ni ya kamusi tu. Mwanafunzi wa Kahama asomapo "mtumwa" hasikii shina la kitenzi. Humwona mtu aliyefungwa.

Imependekezwa "diski kuu" na "diski saidizi". Tunaona hazifai, kwani "diski kuu" imekwisha kutumika kwa diski ngumu yenyewe, na ya pili haimsaidii yeyote. "Ya kwanza" na "ya pili", tulizozitumia hapo juu kwa wepesi, zina kasoro nyingine: ubao mkuu kwa kawaida una viunganishi viwili vya tepe, ambavyo navyo huitwa cha kwanza na cha pili. Msomaji atachanganyikiwa kati ya diski nne.

Wachimbaji wa Geita walipohitaji jina la mashine ya kusaga mawe walisema "karasha" bila kutuuliza. Na mwaka 2017 "makinikia" ya Bulyanhulu na Buzwagi ilienea nchi nzima kwa majuma machache. Hatutarajii bahati kama hiyo kwa diski ambazo tangu 2003 zimekuwa zikipokewa na aina mpya, yenye waya mmoja kwa diski moja na isiyohitaji jampa. Hata hivyo kwa vitabu vilivyopo tunapendekeza "mkondo wa kwanza" na "mkondo wa pili" kwa tepe, na "diski 0" na "diski 1" kwa vifaa vyenyewe: mathalani, "diski 1 ya mkondo wa kwanza". Pale ambapo kitabu kinaonyesha picha ya diski yenye maandishi ya Kiingereza, mfasiri ayaache kama yalivyo kwenye picha na atie namba yetu kando yake, ili fundi apate kulinganisha.