Fizi: Wazee waliompinga Mobutu, kumbukumbu yao iko wapi?

Katika teritware ya Fizi, jamaa nyingi ziko na babu ao mjomba aliyepigana msituni wakati wa Mobutu. Wengi wao majina yao hayakuandikwa, yanasikika tu kwenye matanga.

Historia kwa kifupi

Vita ya Mulele ilifika kwetu mwaka 1964. Tarehe 24 mwezi wa nne 1965, Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika toka Kigoma, akashuka Kibamba. Aliondoka tarehe 21 mwezi wa kumi na moja. Siku tatu baadaye, Mobutu akachukua mamlaka Kinshasa.

Mgeni alirudi, wenyeji walibaki. Mwisho wa 1967, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP. Eneo lake katika milima ya Fizi liliitwa Hewa Bora. Kulikuwa mashamba na shule, na dhahabu ilivushwa ziwa kwenda kuuzwa Tanzania. Hali hiyo iliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980.

Aliyekaa miezi saba aliacha kitabu, dunia yote inamjua. Kwa waliokaa miaka karibu 20, kuna kitabu cha Wilungula B. Cosma cha 1997, lakini ni cha Kifaransa.

Kumbukumbu isichague

Hewa Bora kulikuwa pia watu waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Raia wengine walibanwa kati ya waasi na jeshi la Zaire. Hao nao ni jamaa zetu, waandikwe.

Namna ya kufanya

Kaa na mzee, umuombe ruhusa, kisha urekodi kwa simu. Andika majina yake yote: la ubatizo, lile alilochukua mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kizungu, na la vitani. Bila hivyo, mtu mmoja ataonekana watatu.

Kama hakumbuki mwaka, uulize: ilikuwa mbele ao nyuma ya vita ya Moba ya 1984?

Tangu 1996 nyumba nyingi zimechomwa na watu wamekimbia. Kwa hiyo nakala moja ibaki Baraka, ingine kwa ndugu wa Uvira, ingine kambini Nyarugusu. Na kama mzee anasema jambo fulani lisitoke sasa juu ya usalama, liandikwe, lifungwe, lingoje.