Muungwana: Neno Lililovuka Ziwa

Hapa Rusimbi, mtu akirudisha mkoba aliouokota njiani, husemwa, "Huyu ni muungwana." Hakuna amwulizaye babake ni nani. Zamani swali hilo ndilo lililotangulia.

Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu huru, mwenye ukoo unaojulikana na kauli mjini. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Uungwana ulirithiwa, haukuchumwa.

Katika karne ya 19 neno hili lilipanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mji ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858. Stanley, aliyemkuta Livingstone hapo mwaka 1871, naye aliwaita wafuasi wake wa Unguja "Wangwana", akilichukulia neno kwa maana ya watu huru. Lakini kandokando ya ziwa maana ilikwisha kutanuka. Wengi waliojiita waungwana walikuwa watumwa, au wenyeji wa bara waliojiunga na misafara, wakasilimu, wakavaa nguo za kipwani na kusema Kiswahili. Jina walilonyimwa pwani walijitwalia wenyewe huku. Kisha neno likavuka Ziwa Tanganyika, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana.

Tusilipambe kupita kiasi. Waliojiita waungwana waliwaita majirani zao washenzi, na baadhi yao walishika bunduki katika uwindaji wa watumwa wapya. Neno lililomwinua mmoja lilimkanyaga mwingine.

Kiingereza nacho kina kisa cha namna hiyo. Neno *gentleman* limejengwa juu ya neno la Kifaransa lenye maana ya mtu wa ukoo bora, ambalo shina lake ni la Kilatini, *gens*, yaani ukoo. Leo huitwa hivyo hata mpita njia asiyejulikana kwao. Maneno yote mawili yalianza katika nasaba yakaishia katika mwenendo.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kabla ya sheria hiyo, watumwa wa Ujiji walikwisha kulidai jina la watu huru. Basi tusemapo kwamba uungwana ni vitendo, tukumbuke kuwa kujiita muungwana nako kulikuwa kitendo.