Barua pepe zinapokoma kuingia: Namna ya kukagua seva yako

SHULE, chama cha ushirika au kampuni ndogo inayoendesha seva yake ya barua pepe hujipatia uhuru wa kuhifadhi mawasiliano yake yenyewe. Hata hivyo, siku barua zinapokoma kuingia, mzigo wote humwangukia msimamizi wa seva hiyo.

Tatizo hili ni la hatari kwa kuwa huja kimyakimya. Barua zinazotoka huenda zikaendelea kufika ziendako, na wenye afisi wakadhani tu kwamba hawajaandikiwa, ilhali zabuni, ankara na maombi ya kazi yamekwama njiani.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba barua iliyokwama si lazima iwe imepotea. Kanuni za SMTP, mfumo wa kusafirisha barua pepe uliotangazwa mwaka wa 1982, huitaka seva inayotuma kuiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Kanuni za sasa hupendekeza ijaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe, ingawa baadhi ya seva hukata tamaa mapema.

Akiba hiyo ya muda hutegemea jibu linalotolewa na seva yako. Nambari inayoanza kwa 4 yamaanisha 'jaribu tena baadaye'. Inayoanza kwa 5 yamaanisha 'nimekataa', na barua hurudishwa mara moja. Kwa hivyo, seva iliyozimika kwa saa chache haina madhara makubwa kama ile inayojibu vibaya.

Ndiyo sababu msimamizi anashauriwa kuzuia majibu ya kukataa kabla ya kuanza ukarabati. Katika programu ya Postfix, agizo 'soft_bounce = yes' hugeuza majibu ya 5 kuwa ya 4. Liondolewe kazi inapokamilika.

Anza na jina

Kagua jina la kikoa, yaani lile linalofuata alama ya @. Je, ada yake imelipwa? Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa na mawakala wake. Jina likiondolewa kwenye orodha za DNS, seva nyingi hurudisha barua papo hapo.

Kisha tumia amri ya 'dig' kutazama rekodi ya MX, ambayo huuelekeza ulimwengu kwa seva yako. Rekodi hiyo hutaja jina la seva, wala si nambari za anwani yake. Jina hilo nalo sharti liwe na anwani sahihi.

Pili, kagua mlango wa 25, ambao barua hupitia kuingia. Kutoka kwa kompyuta iliyo nje ya afisi, fungua mawasiliano kwa amri ya 'telnet'. Seva iliyo tayari hujibu kwa nambari 220. Usitegemee jaribio moja tu, kwani kampuni nyingi za intaneti huwazuia wateja kutumia mlango huo kutuma.

Ukimya waweza kutokana na ruta isiyopitisha mawasiliano hadi kwa seva, programu ya ulinzi inayoyachuja, au anwani ya intaneti iliyobadilika. Vilevile, kuna kampuni zinazowapangia wateja wengi anwani moja ya pamoja. Hapo barua haziwezi kuingia hadi mteja aombe anwani yake mwenyewe.

Soma kumbukumbu

Tatu, soma faili ya kumbukumbu za seva, ambayo katika mifumo mingi ya Linux huitwa mail.log au maillog. Tuma barua ya majaribio kutoka nje, kisha itafute humo. Isipoonekana kabisa, haikufika kwako. Rudi kwa hatua mbili za kwanza.

Ikionekana, nambari ndiyo itakayokueleza. Jibu la 550 mara nyingi huashiria kwamba anayeandikiwa hajulikani. La 554, likieleza kwamba seva imekataa kupitisha barua, huonyesha kuwa seva haitambui kikoa hicho kuwa chake. La 452 huashiria kuwa nafasi kwenye diski imekwisha. La 450 huenda likawa la kinga dhidi ya barua taka, inayomtaka mgeni abishe hodi mara ya pili.

Ikiwa kumbukumbu zasema barua imepokewa, usiguse tena DNS wala ruta. Itafute kwenye kasha la barua taka, kagua maagizo ya kuelekeza barua kwingine, kisha programu ya kusomea.

Hitilafu ikishaondolewa, barua zilizokuwa kwenye foleni zitaingia zenyewe, japo baadhi zitachukua saa kadhaa kwa kuwa seva zinazotuma huongeza muda kati ya majaribio. Zilizokataliwa kwa jibu la 5 hazitarudi. Lakini anwani za waliozituma kwa kawaida huwa kwenye kumbukumbu. Waandikie siku hiyo hiyo uwaombe watume upya, kabla ya muda wa zabuni kupita au nafasi ya kazi kupewa mwingine.