Haipitiki kwa Nani?

Papa alikuwa dereva wa treni, na sisi wanawe tulikulia Dilala, mjini Kolwezi nchini Kongo, tukijua kwamba njia ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, haipitiki. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya unga: bila hasira, wala nafasi ya kubishana.

Reli yenyewe ilianzia baharini. Mskoti Robert Williams alipata kibali cha Wareno mwaka 1902, lakini reli ilifika mpakani Luau, kilomita 1,344, mwaka 1929 tu. Kipande cha huku kwetu, Tenke hadi Dilolo kupitia Kolwezi, kiliungana nayo mwaka 1931. Injini za Angola zilichoma kuni za mikaratusi iliyopandwa kandokando ya reli. Papa alipenda kusimulia hilo kuliko habari yoyote ya shaba: moshi wake, alisema, ulinukia dawa ya kifua.

Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli hiyo. Shaba ya Kolwezi ikazungushwa: treni hadi Ilebo, matishari ya mto Kasai hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Upakue, upakie, na kila kituo kina mkono unaosubiri chochote. Nyingine ilikwenda bandari za Afrika Kusini, kwa makaburu wale wale waliolaaniwa mikutanoni.

Basi Machi 1977 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, Wakatanga waliokuwa uhamishoni Angola, wakaja kwa ukanda ule ule: Dilolo, Kasaji, Mutshatsha. Mei 1978, safari hii kupitia Zambia, wakaingia Kolwezi kwenyewe. Madaraja yalivunjwa kweli na mabomu yalitegwa kweli, sibishi. Ila njia iliyomshinda mwenye mzigo haikumshinda mwenye bunduki, na baadaye, hata Angola ilipopata amani mwaka 2002, njia hiyo ilibaki kimya. Wachina waliijenga upya, marais wakaizindua Luau mwaka 2015. Upande wetu reli ilikuwa ile ile ya zamani, treni ikienda kwa kubembelezwa.

Mwisho wa Desemba 2023 shehena ya majaribio ya mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, kama tani 1,100, iliondoka Kolwezi. Ilitumia siku 8 hadi Lobito. Malori ya Durban hutumia majuma. Jirani yangu mwenye malori mawili alipoisikia habari hiyo, alisema haitadumu, akaenda kununua matairi.