Ndizi za kukaanga: Njia tatu zilizokutana Tabora

ABIRIA wa Reli ya Kati anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma huuziwa ndizi za kukaanga zaidi ya mara moja njiani, na si lazima ziwe zilezile. Upande wa pwani na Morogoro atapata vipande vyembamba, vikavu, vyenye chumvi, ambavyo wengi huviita krispi. Akikaribia Ziwa Tanganyika atapewa vipande vinene vya ndizi iliyoiva, laini na vitamu, mara nyingine vikiwa na wekundu wa mawese. Tabora, mji ulio katikati ya safari hiyo, unazijua zote mbili.

Jambo la kushangaza ni kwamba Tabora si nchi ya migomba. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ardhi hukauka kwa karibu nusu mwaka. Misitu ya miombo inayouzunguka mji huo hutoa asali na nta, na mashamba hutoa tumbaku, karanga, mahindi na viazi vitamu. Kitafunwa cha asili cha Mnyamwezi ni michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani, vibichi au baada ya kuchemshwa, ili vidumu hadi njaa ya kiangazi. Ndizi nyingi zinazouzwa katika masoko ya Tabora hutoka nje ya mkoa, hasa nyanda za juu za Buha mkoani Kigoma na Kagera.

Ndizi yenyewe ni mgeni wa zamani barani Afrika. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na kisiwa cha New Guinea, ambako wataalamu wa mambo ya kale wamekuta ushahidi wa kilimo cha migomba cha karibu miaka 7,000 iliyopita. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita katika mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 1331, alisimulia kwamba huko Mogadishu alikula ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kwamba watu wa Mombasa walikula ndizi na samaki. Hakutaja ndizi za kukaanga.

Na wala hapana sababu ya kutegemea kwamba angezitaja. Katika nchi za migomba za Afrika Mashariki, ndizi kwa desturi ilichemshwa, ilichomwa kwenye makaa, ilianikwa ikasagwa unga, au iligeuzwa pombe. Neno kukaanga ni la Kibantu na ni la zamani sana, lakini halikuhitaji mafuta: mtu hukaanga karanga au bisi katika chungu kikavu, na kazi imekwisha. Kuzamisha ndizi katika mafuta mengi yanayochemka kunahitaji vitu viwili vya ziada, nayo ni mafuta ya kutosha na chombo cha chuma kinachostahimili moto mkali. Chombo hicho Waswahili hukiita karai, na jina lake limetoka Bara Hindi, kama yalivyotoka huko majina ya bajia na chapati.

Hapo ndipo Tabora inapoingia katika habari hii. Katika karne ya 19 mahali hapo, palipoitwa Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, palikuwa njia panda ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Njia kuu ilitoka Bagamoyo na kuishia Ujiji, umbali wa kilometa zipatazo 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia. Kutoka Kazeh njia nyingine ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi kutoka Surat aliyekuwa miongoni mwa matajiri wa kwanza kufungua biashara Unyanyembe, hakuwapo. Alikuwa Karagwe.

Safari hiyo ya Burton kutoka pwani ilichukua siku 134. Idadi hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini misafara haikusafirisha ndizi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mkungu uliokatwa ukiwa mbichi huiva ndani ya siku chache na kuoza muda mfupi baadaye, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili za pembe hakuwa na nafasi ya mzigo unaooza. Kilichosafiri ni watu na ladha zao. Wapwani walikuja na mapishi ya nazi na viungo, na Waarabu wakalima mpunga Unyanyembe. Wamanyema, wengi wao wakiwa wameletwa kwa nguvu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walifanya makazi Ujiji na Tabora, na wajukuu wao wako huko hadi leo.

Upande wa magharibi wa njia hiyo ndio wenye historia ndefu zaidi ya mafuta. Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, aliona michikichi na migomba ikiota katika nchi moja. Mawese yalikuwa ya kupikia, ya kupaka mwilini na ya kuuza. Ng'ambo ya ziwa, katika Manyema na kwingineko mashariki mwa Kongo, ndizi ndefu zenye wanga mwingi huitwa makemba, na makemba yaliyoiva yakakaangwa kwa mawese ni chakula cha kila siku, huliwa na maharage, samaki au peke yake. Ndizi za kukaanga za Kigoma ni ndugu wa karibu wa makemba hayo. Mkaangaji asiye na haraka hatayaacha mawese yafuke moshi, kwa sababu moto mkali huondoa rangi yake nyekundu pamoja na sehemu kubwa ya harufu inayopendwa.

Kaskazini mambo ni mengine. Kagera ina ndizi nyingi kuliko sehemu yoyote ya magharibi, lakini mezani pa Mhaya heshima ni ya ebitoke vilivyopikwa kwa mvuke au kuchemshwa, na nkonjwa, ndizi ndefu inayoitwa gonja Uganda, kwa kawaida huchomwa ikiwa imeiva. Mchango mkubwa wa upande huo katika karai ni kabalagala ya Waganda. Ndizi ndogo tamu zilizoiva mno hupondwa bila maji, huchanganywa na unga wa muhogo hadi donge liwe gumu, kisha hukatwa visahani na kukaangwa. Ni njia ya busara ya kuokoa ndizi ambazo zingetupwa kesho yake.

Upande wa mashariki ni wa mzuzu na mkono wa tembo, ndizi ndefu za kupika ambazo wakazi wa pwani na Morogoro huzikaanga na kuzila na nyama choma. Mwezi wa Ramadhani pwani hupendelea zaidi ndizi za kupikwa kwa nazi, sukari na iliki. Krispi ni biashara ya barabarani: ndizi mbichi humenywa, hulowekwa katika maji ya chumvi zisiwe nyeusi, hukatwa nyembamba na kudondoshwa moja kwa moja katika mafuta ya moto. Mombasa na Zanzibar huongezwa pilipili na ndimu. Jamaa wa karibu wa krispi hizo wako Kerala, kusini mwa India, ambako hukaangwa kwa mafuta ya nazi.

Njia hizo tatu zilikutana Tabora tangu zama za misafara, lakini ndizi zenyewe zilihitaji reli. Garimoshi lilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Safari iliyokuwa ya wiki kadhaa kati ya Ujiji na Tabora ikawa ya saa. Kwa hiyo wanaosema ndizi za kukaanga za Tabora ni urithi wa misafara wana nusu ya ukweli. Misafara ilileta walaji; reli, na baadaye malori, ndiyo iliyoleta mikungu.

Safari hiyo bado huamua kitakachoingia kwenye karai. Chane iliyofika ingali ngumu ina wanga mwingi na sukari kidogo, nayo hufaa krispi. Iliyoivia njiani ina sukari inayoungua upesi, hivyo hukatwa vipande vinene na kukaangwa kwa moto wa wastani. Iliyopondeka huuzwa kwa bei ya chini au huchanganywa na unga. Tangu katikati ya miaka ya 2000, mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria umewaharibia mashamba wakulima wengi wa Kagera, na ugonjwa ukishika shamba, mfanyabiashara wa Tabora naye hupungukiwa.

Hata hivyo, kinachomsumbua zaidi mkaangaji ni mafuta. Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi na Kati. Mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kutoka mwanzo huo mdogo, pamoja na mbegu zilizopelekwa baadaye, Indonesia na Malaysia zikawa wazalishaji wakubwa wa mawese duniani. Tanzania imekuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, mengi yakiwa mawese yaliyosafishwa kutoka nchi hizo. Mgomba ulitoka Asia ukaja Afrika, mchikichi ukaenda kinyume chake, na sasa mafuta ya mchikichi hurudi kwa meli kukaanga ndizi kilometa 400 tu kutoka michikichi ya Ujiji.

Mwaka 2018 Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliongoza juhudi za kufufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Michikichi mingi ya wakulima wa Kigoma ni ya aina ya dura, yenye kokwa kubwa lenye ganda nene na nyama kidogo ya kukamua. Aina chotara ya tenera ina ganda jembamba na hutoa mafuta mengi zaidi, lakini mche huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa.

Bei ya mafuta inapopanda, mkaangaji hawezi kuipandisha mara moja bei ya pakiti inayonunuliwa na mwanafunzi kwa sarafu. Hupunguza vipande, au hutumia mafuta yaleyale siku nyingi hadi yawe meusi na mazito, jambo ambalo wataalamu wa afya hulikataza. Mnunuzi mzoefu huchungulia karai kwanza, kabla ya kuulizia ndizi.